Jina la Ndege na Jina la Mchukuzi



Yuko mtu ambaye vitabu vya Wazungu vinamsifu sana: Emin Pasha. Alizaliwa mwaka 1840 katika inchi ya Prussia, akaitwa Eduard Schnitzer, akasomea uganga. Mwaka 1878 akawa liwali wa jimbo la Ekwatoria, kwenye mto Nile, chini ya serikali ya Misri. Huko alitawala, tena alikusanya ndege, wanyama na majani, akavipeleka katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Shomoro mmoja anaitwa kwa jina lake hata leo.

Mwaka 1890 aliingia katika kazi ya Wadachi. Safarini ndui iliwashika watu wake. Akamrudisha mwenzake Stuhlmann pamoja na wazima, yeye akabaki na wagonjwa. Tusimnyime sifa hiyo. Oktoba 1892 alichinjwa kule Kinena, mashariki ya Lualaba, kwa amri ya Kibonge. Aprili 1893, askari wa Dhanis walipoteka Kasongo, walikuta daftari zake hapa kwetu.

Sasa nauliza. Emin alikuwa na macho mabaya sana, hakuona mbali. Basi ni macho ya nani yaliyomwona ndege juu ya mti? Nani alijua kiota chake na wimbo wake? Nani alichukua masanduku kichwani? Watu hao walikuwa weusi kama sisi. Ndege alipata jina la bwana mkubwa. Mchukuzi hakupata kitu.

Mimi ni karani wa mgodi. Najua namna daftari linavyoweza kuandika kilo za mawe vizuri, na kumsahau aliyeyachimba. Kinachoandikwa hubaki, kisichoandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe.

Uhuru tuliupata tarehe 30 Juni 1960, lakini hakuna sheria itakayotuandikia habari zetu. Wazee wanaojua majina ya ndege na miti kwa Kizimba, Kikusu na Kibangubangu wanakwisha mmoja mmoja. Ndugu, mwenye mtoto anayesoma amnunulie daftari moja, amtume kwa babu yake. Aandike jina la ndege, na chini yake aandike jina la mzee aliyemfundisha.

Kalamu si ya mtawala peke yake.