Maji Yaling'aa, Kamba wa Mwanangu Wakafa (Sehemu ya 4)



Leo naongelea kamba. Sio wa kukaanga! Nasema wale wadogo wekundu wa maji baridi, wa sentimita mbili tatu hivi, wanaofugwa kwenye tangi la kioo. Kitaalamu wanaitwa Neocaridina, asili yao Asia ya Mashariki. Kwa familia ya vyumba viwili ni wanyama wazuri: hawang'ati, hawana kelele, hawamwagi manyoya.

Mwanangu wa miaka saba alikuwa nao kumi. Miezi miwili wakakaa vizuri tu. Siku moja niko off, nikaangalia tangi, nikaona sponji ya chujio imekuwa kahawia na kokoto zina utelezi. Mimi nesi jamani, nikiona utelezi mkono unawasha. Nikamwaga maji yote, nikasugua kokoto, sponji nikailoweka kwenye dawa ya madoa yenye klorini, nikasuuza, nikajaza maji ya bomba moja kwa moja. Tangi likang'aa kama jipya.

Asubuhi sita wamelala ubavu. Siku ya tatu hakubaki hata mmoja. Mwanangu akaniuliza, "Mama, si uliwaosha? Mbona wamekufa wakiwa wasafi?"

Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na ndiyo maoni yangu ya leo: usafi wa wodini sio usafi wa tangi, na maji meupe sio lazima yawe maji salama.

Iko hivi. Kamba wanajisaidia kwenye maji hayo hayo wanayopumulia. Uchafu wao na chakula kilichobaki vinatoa amonia, na amonia ni sumu kwao hata ikiwa kidogo. Kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji na kokoto ambao kazi yao ni kuigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza kuwa nitrati, ambayo kwa kiasi kidogo wanaivumilia. Ule utelezi niliousugua ndio ulikuwa umebeba hao bakteria. Niliua wahudumu wote wa wodi, halafu nikashangaa wagonjwa wanakufa. Juu yake nikawawekea klorini ya bomba.

Mama uliyewahi kuona mtoto anaharisha baada ya antibayotiki unanielewa. Sio kila kijidudu ni adui.

Kwa hiyo napinga kabisa ule mtindo wa kununua tangi na kamba siku moja, mtoto afurahi jioni hiyo hiyo. Najua utasema, "Nesi, kamba wa mtoto tu, nisubiri mwezi mzima?" Ndiyo, subiri. Bakteria wanahitaji kama wiki nne hadi sita kujijenga. Weka maji, majani, chujio na chembe chache za chakula, kisha uache. Mtoto atalalamika, ila kilio cha kusubiri ni kifupi kuliko cha kukuta wote wamekufa.

Mambo ya kushika:

1. Pima, usikisie. Tafuta kipimo cha matone. Amonia iwe 0, nitriti 0, nitrati isizidi miligramu 20 kwa lita. Hapo ndipo ulete kamba.

2. Badilisha maji kidogo, asilimia 10 hadi 20 kwa wiki, yawe na joto sawa na ya tangini. Sponji ikamulie kwenye maji uliyotoa tangini, sio bombani.

3. Maji ya bomba yatibu kwa dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha ndooni siku nzima kunasaidia kwa klorini ya kawaida, ila sio kwa kloramini.

4. Ndoo hiyo, tafadhali, iweke juu na uifunike kitambaa. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye ndoo ya maji machache. Na mbu wa dengi wanapenda sana maji masafi yaliyotuama.

5. Dawa ya mbu ya kupuliza ni hatari kwa kamba, maana nao wako ukoo mmoja na wadudu. Ukitoka kushika chandarua chenye dawa, nawa kabla ya kugusa tangi. Dawa za samaki zenye shaba nazo zinaua kamba.

6. Joto likipita nyuzi 28, oksijeni inapungua majini. Sisi wa Dar tangi tuliweke mbali na dirisha la jua, kipulizia hewa kiwe kinafanya kazi.

7. Mtoto anawe kwa sabuni baada ya kugusa maji ya tangi, asiingize mkono wenye kidonda, na mtu yeyote asinyonye mpira kwa mdomo ili kutoa maji.

Wengine mtasema nawafundisha watoto kuzoea uchafu. Hapana. Namfundisha mwanangu kwamba macho hayatoshi, na kwamba kutunza kiumbe wakati mwingine ni kuzuia mikono yako. Mimi mwenyewe nilichelewa kulijua hilo, na diploma ninayo.

Kwetu sasa hivi ni wiki ya tatu. Tangi lina maji na majani, kamba hakuna. Kila Jumamosi mwanangu anahesabu matone, anatikisa kichupa, anasoma rangi. Juzi nitriti bado ilikuwepo. Akaniangalia akasema, "Bado, mama. Usiguse."

Nimetii. Wewe tangi lako lina muda gani? Niandikie hapo chini.