Gitaa letu sio mzigo: ondoeni sharti la kinanda

Jamani, tuseme wazi. Mafunzo ya kutengeneza muziki kwa kompyuta yakifika kambini, sharti ni lilelile: lazima ujue kinanda kwanza. Asiyejua hapati nafasi, hapati cheti, hapati saa za studio. Wapiga gitaa tunaambiwa tusubiri, eti gitaa ni la kwaya na la wazee. Na vinanda vyenyewe ni viwili, foleni haiishi. Sisi tunasema hapana.

Wengi wetu tumetoka Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Mtu mmoja, gitaa moja: kidole gumba kinashika besi, na sauti za juu zinachezwa papo hapo. Mikono yetu imelelewa hivyo. Kwa nini tuambiwe tuanze upya kama watoto?

Kompyuta yenyewe haidai kinanda. Sintesaiza zilizo ndani ya programu ya kurekodi zinangoja ujumbe wa MIDI tu: noti gani, imepigwa kwa nguvu gani, imeanza lini, imeisha lini. Ujumbe huo unaweza kutoka kwenye gitaa. Programu inasikiliza uzi, inahesabu mitetemo, inatoa noti. MIDI Guitar ya Jam Origin inafanya kazi hiyo kwa gitaa la kawaida la umeme na waya wake uleule. Ndani ya REAPER kuna ReaTune, ambayo inatuma MIDI ukipiga noti moja moja. Sintesaiza kama Surge XT na Dexed ni bure kabisa. Unapiga gitaa, inatoka filimbi, inatoka besi, inatoka kinanda chenyewe!

Wanaopinga wanasema gitaa linachelewa. Kweli, tusidanganyane. Uzi mnene wa E unatetemeka kama mara 82 kwa sekunde. Mtetemo mmoja unachukua milisekunde 12, na programu haiwezi kuitambua noti kabla ya kuisikia. Lakini uzi mwembamba wa E unatetemeka kama mara 330, mtetemo mmoja milisekunde 3 tu. Basi besi ipige kwenye nyuzi nyembamba, halafu ishushe oktava moja au mbili kwenye sintesaiza. Bafa iweke 128 kama kompyuta inaweza. Piga kwa usafi, maana uzi mwingine ukiguswa zinatokea noti ambazo hukuzipiga. Zikitokea, zifute kwenye skrini.

Kompyuta ni nzito? Rekodi gitaa kama kawaida, kisha ipitishe rekodi kwenye Basic Pitch, ambayo Spotify waliitoa bure mwaka 2022. Inageuza rekodi kuwa MIDI, na hapo suala la kuchelewa halipo tena.

Halafu tuulizane: nani anachelewa zaidi? Mpiga gitaa anachelewa milisekunde. Kijana anayelazimishwa kuanza kinanda anachelewa miezi, na mradi unafungwa kabla hajarekodi hata wimbo mmoja.

Ndugu zetu wa mashirika, hatukatai kinanda. Anayekipenda ajifunze. Tunachokataa ni kukifanya mlango wa pekee. Kwenye orodha ya vifaa inayofuata, kabla ya kuandika kinanda cha tatu, andikeni kadi ya sauti yenye tundu la gitaa. Kwenye fomu futeni "ajue kinanda", wekeni "ajue chombo chochote". Na mkipanga mafunzo, tuiteni tuwe mezani, sio tusomewe majina tu.

Na nyinyi vijana wenzetu, kaka na dada, acheni kuuza magitaa kwa bei ya kutupa eti yamepitwa na wakati. Dada anayepiga gitaa kwaya kila Jumapili ni prodyuza tayari. Anakosa waya na nafasi, basi.