Robota likifunguliwa Daraja Mbili, hasara ni ya nani?

Majuzi nilikuwa Kisii kwa shughuli ya ndoa ya jamaa. Alhamisi asubuhi nikashuka soko la Daraja Mbili. Baridi ya kule si ya mchezo, na mimi mtu wa Mombasa nilikuwa na kanzu na kofia tu. Nilikwenda kutafuta sweta.

Nilimkuta mama mmoja ndiyo kwanza anakata kamba za robota. “Karibu ustadhi, chagua mapema,” akaniambia. Wanaojua mitumba wanajua maana yake. Nguo safi za mwanzo huitwa kamera, na mabaki ya mwisho huitwa fagia. Robota lenyewe alilinunua kwa mkopo wa chama bila kuona kilichomo. Nilisimama nikimtazama akitenga. Sweta nzuri zilikuwa chache, za wastani kiasi, kisha likaja rundo la zilizotoboka, zenye madoa na zilizochakaa hata fundi hawezi kuziokoa. Rundo hilo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Nikamuuliza, “Sasa hizi mama utamrudishia nani?” Akacheka. “Nimrudishie nani, ustadhi? Zikishindikana tunachoma.”

Ndugu msomaji, robota lile lilipita kwetu. Mitumba ya nchi hii huingia kupitia bandari ya Mombasa. Nguo nyepesi tunabaki nazo Kongowea, sweta na majaketi yanapanda hadi Kisii, Keroka na Nyamira, ambako wachuma chai huamkia umande. Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba. Ripoti ya shirika la Changing Markets ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa karibu nusu ya nguo zilizoletwa mwaka 2021 hazikufaa kuvaliwa. Wafanyabiashara wa mitumba waliipinga ripoti ile. Mimi sitaki kuamua ugomvi wao, lakini rundo la yule mama nililiona kwa macho yangu.

Wako wanaosema dawa ni kupiga marufuku. Tumeshajaribu. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya AGOA, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafuu hiyo. Machi 2020, kwa sababu ya Korona, serikali yetu ilizuia mitumba hadi Agosti. Aliyeumia ni mama kama huyu wa Daraja Mbili. Kiwanda cha KICOMI pale Kisumu, kilichokuwa kikifuma nguo za eneo lile, hakikufufuka kwa sababu ya zuio lile.

Mimi mwenyewe nimevaa mitumba tangu utotoni na sioni haya. Kuvaa nguo iliyovaliwa si dhambi. Dini yetu inakataza israfu, na tunafundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe inapochanika. Mtumba kwa asili yake ulikuwa kinyume cha israfu. Kilichobadilika ni nguo yenyewe. Ughaibuni sasa watu wananunua nguo za bei ya chee, wanavaa mara chache na kutupa. Nyingi ni poliesta, yaani plastiki. Zikichakaa haziozi, na zikichomwa ni moshi wa sumu kwa mtoto aliye mgongoni.

Linganisha na leso. Mama yangu alinunua doti Biashara Street, akaivaa, akambebea mtoto, ikazeeka ikawa winda, mwisho ikawa tambara la jikoni. Ni pamba, hata ikitupwa inaoza. Pale Daraja Mbili pia niliona wanawake wa Kigusii wamejifunga leso zenye majina ya Kiswahili, na nilijihisi niko nyumbani. Lakini tusijidanganye, leso zetu nyingi huchapishwa India. Utambulisho tunao, kiwanda hatuna, ilhali pamba inalimwa hapa hapa Lamu.

Kwa hivyo nadhani swali si mtumba au la. Swali ni nani anabeba hasara ya takataka. Leo anaibeba aliye wa mwisho kwenye mnyororo, ambaye hana namba ya kumpigia mtu aliyelifunga robota. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata ikishatumika. Hiyo isiishie kwenye chupa za plastiki. Mwenye kontena Kilindini naye aulizwe: umechambua? Fagia utaipeleka wapi? Na serikali za kaunti za Kisii, Nyamira na Mombasa, zinazotoza ushuru wa soko kila siku, zitenge basi mahali pa kukusanyia mabaki haya kabla hayajaishia mitoni na baharini.

Sisi wavaaji nasi tuna letu. Tununue tunachohitaji, tuangalie kitambaa, tumpelekee fundi kabla ya kutupa.

Sweta nilipata, ya sufi, nzito. Imetoboka kidogo kiwiko. Fundi wangu wa mtaani ameshaitia kiraka.