Kompyuta si taipureta, jamani!

Leo nina ugomvi. Sio na kijana wa steshenari pale stendi, wala na karani wa halmashauri. Nagombana na wasomi wenzangu: mainjinia, wapima ardhi, wachumi, wahadhiri. Mmepewa kompyuta, mkaigeuza taipureta yenye kioo.

Hivi umewahi kumtazama msomi wetu akiandaa ripoti ya kitaalamu? Kichwa cha sura anakikuza kwa mkono, anakikoleza wino, halafu anakisukuma katikati kwa spesi kumi na tisa. Akitaka ukurasa mpya anapiga enta, enta, enta mpaka ufike. Namba za sura anaziandika mwenyewe. Ukurasa wa Yaliyomo anautunga mwishoni, nukta moja moja hadi ukingoni. Kisha bosi anasema: "Ongeza aya mbili sura ya pili." Basi! Kila kitu kimehama, Yaliyomo imebaki palepale.

Utaniuliza, wewe mwandishi wa habari yanakuhusu nini? Yananihusu sana. Kuna ripoti ya mradi wa maji vijijini ilinifikia mezani, nikatafuta gharama za pampu. Yaliyomo ikanipeleka ukurasa wa 41. Ukurasa wa 41 una picha ya tenki. Ndani wameandika "tazama Jedwali la 7", na Jedwali la 7 yako mawili, kila moja na bei zake! Nilipoteza jioni nzima. Sasa mfikirie diwani aliyepewa kitabu hicho nusu saa kabla ya kikao. Ataacha kutafuta, atanyoosha mkono, itapita. Waraka usiopekuleka ni maficho mazuri ya fedha, hata kama aliyeuandaa hakukusudia.

Msiniambie huu ni urithi wa wazee wa taipureta. Mnawaonea. Tabora hii ndiyo ilikuwa na Chuo cha Uhazili, kilichoingizwa kwenye Chuo cha Utumishi wa Umma mwaka 2000. Mhazili aliijua mashine yake. Kuweka kichwa katikati, alianzia katikati ya karatasi, akarudi nyuma hatua moja kwa kila herufi mbili, ndipo akachapa. Jedwali alilipimia nafasi zake kabla ya kugusa herufi ya kwanza. Alitumia kila alichopewa na mashine ile. Ninyi mmepewa mara mia zaidi na hamjafungua hata menyu.

Mmepewa nini? Staili. Unaiambia kompyuta: hiki ni kichwa cha sura, hiki ni kichwa kidogo, hii ni aya ya kawaida. Kwenye Microsoft Word, weka kishale kwenye kichwa, bonyeza Ctrl, Alt na 1. Kichwa kidogo ni 2. Ukishafanya hivyo unaiagiza programu itengeneze Yaliyomo yenyewe. Ukibadili kitu, chagua waraka wote, bonyeza F9, namba za kurasa zinajirekebisha. Namba za majedwali ukiziingiza kwa menyu badala ya kuzichapa, nazo zinajihesabu, na kila "tazama jedwali fulani" linafuata. Ukurasa mpya ni Ctrl na Enter, mara moja tu. Na wala sio teknolojia ya jana: Word ya kwanza kabisa, ya mwaka 1983, ilikuwa na staili. Miaka zaidi ya 40!

Visingizio navijua. "Programu ni ya Kiingereza." Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili, bure. Wangapi mliigusa? "Leseni ni ghali." LibreOffice hailipiwi hata senti, na staili inazo. "Muhimu ni maudhui, sura ya waraka ni mapambo." Hiki ndicho kinachoniudhi kuliko vyote. Msomaji asiyeona anatumia programu inayomsomea kwa sauti, nayo humrusha kutoka kichwa kimoja hadi kingine iwapo vichwa vimewekwa kwa staili. Ukikoleza wino kwa mkono, kwake hicho si kichwa, ni aya kama nyingine. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Unampa mtu taarifa ya kurasa 200 isiyo na mlango hata mmoja, halafu unasema umetimiza sheria?

Mji wetu ni wa misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya karibu kilo 30 kila mmoja kati ya pwani, Tabora na Ujiji, na mzigo uliofungwa ovyo ulimtesa aliyeubeba, sio aliyeufunga. Nyaraka zetu ndivyo zinavyosafiri. Mpima wa Sikonge anaanza, injinia wa Tabora anaongeza, mwanasheria wa Dodoma anakata, mkandarasi anapokea. Kifungu kikiongezwa katikati na rejea zikabaki za zamani, ugomvi unaishia mahakamani na bili inakuja kwa mlipa kodi. Mkataba wa reli ya kisasa ya Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulisainiwa Desemba 2021. Sisemi una kasoro. Nasema kazi za ukubwa huo zinapita mjini kwetu, na spesi haziziwezi.

Nataka mambo mawili. Mhadhiri unayepima pambizo za tasnifu kwa rula, dai faili lenyewe, ukague vichwa. Mkurugenzi wa halmashauri, toa kiolezo kimoja chenye staili tayari, na ripoti isiyokifuata irudishwe ilikotoka.

Nawe msomaji, fungua ripoti yako ya mwisho. Ongeza ukurasa mmoja katikati, bonyeza F9, kisha soma Yaliyomo. Kama imekosea, usimpelekee diwani bado.