MAFUNZO KWANZA, KITUFE BAADAYE



Zipo kliniki za meno ambako msaidizi huonyeshwa kitufe tu, kisha akaambiwa apige eksirei. Jambo hili tulikatae.

C. Edmund Kells, daktari wa meno wa New Orleans, Marekani, alishika filamu kwa vidole vyake miaka mingi. Saratani ikamla vidole, kisha mkono. Mwaka 1928 akajiua. Yeye alianza bila kujua hatari. Sisi tunaijua.

Mambo ya msingi si mengi. Filamu ishikwe kwa kishikio, kamwe si kwa vidole vya mfanyakazi. Mpigaji asimame mita 2 au zaidi, nje ya njia ya mionzi, na avae beji ya kuipima. Ajue pia kusoma picha: palipooza huonekana peusi, kijazo cha madini cheupe. Asiyejua picha nzuri ikoje hurudia ovyo, na kila marudio ni mionzi zaidi.

Mkataba Na. 115 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1960, unataka mfanyakazi wa mionzi afundishwe kabla ya kuanza kazi na akiwa kazini. Matawi yadai hivyo katika mikataba ya hali bora. Mwajiri akisema fedha hakuna, aulizwe: za kununulia mashine zilitoka wapi?