Subaru na Evo: Ugomvi wa Mbale usiomalizwa na saa

MWAMBA ngoma huvutia kwake, walinena wahenga. Methali hiyo inatimia kila uchao katika gereji za Divisheni ya Viwanda mjini Mbale, ambako watu wazima wenye akili zao timamu hushinda wakibishana juu ya magari mawili. Upande mmoja wako wafuasi wa Subaru Impreza, hasa zenye nembo ya WRX na STI. Upande wa pili wako wafuasi wa Mitsubishi Lancer Evolution, ambayo kila mtu huiita Evo.

Kwa mpita njia, hizi ni porojo za vijana wanaopenda kelele za injini. Lakini kwa mtu aliyerejea nyumbani kutoka Uingereza au Ghuba na akiba yake ya miaka mingi, au kwa mfanyabiashara anayevusha vipuri Malaba, Busia na Lwakhakha, suala hili ni la pesa. Anayenunua gari baada ya kusikiliza upande mmoja tu anaweza kujikuta ameiweka akiba yake yote juu ya mawe, magurudumu yamefunguliwa, akisubiri kipuri kisichofika.

Yafaa basi kuuliza: watu hawa wanabishania nini hasa?

Pacha waliozaliwa mwaka mmoja

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba magari haya yanafanana mno. Yote mawili yalitoka Japani mwishoni mwa mwaka 1992, Evo mwezi wa Oktoba na WRX mwezi wa Novemba. Yote yalikuwa na injini ya lita 2 yenye turbo, na yote yalisukuma magurudumu manne.

Sababu ya kuzaliwa kwao pia ni moja. Kanuni za mashindano ya magari za Kundi A zilimtaka mtengenezaji atoe magari 2,500 ya aina ile ile kwa ajili ya umma kabla ya kuruhusiwa kushindana nalo. Ndiyo maana mwalimu, daktari au mwenye duka aliweza kununua gari lililokaribiana sana na lile lililokuwa likipaa juu ya vumbi la Naivasha.

Hata karatasi za kiwanda haziamui kesi hii. Kuanzia 1989 hadi 2004, makampuni ya Japani yalikuwa na mapatano ya kutotangaza gari lenye nguvu zaidi ya farasi 280. Kwa hiyo Subaru ikaandika 280, Mitsubishi nayo ikaandika 280, na kila shabiki akabaki akiamini kwamba la kwake limeficha zaidi ya hizo.

Kila mmoja na hesabu yake

Karatasi ikishindwa, mashabiki hukimbilia historia. Hapo ndipo mzizi wa fitina ulipo, kwa sababu historia inampa kila mmoja jibu analolitaka.

Chukua mbio za Safari Rally za Kenya. Kati ya 1996 na 2001 magari haya yaligawana ushindi, isipokuwa mwaka 1999 ambapo Colin McRae alishinda kwa Ford. Tommi Mäkinen wa Finland aliipa Evo ushindi mwaka 1996 na tena 2001. McRae aliipa Subaru ushindi mwaka 1997, na Richard Burns akafuata mwaka 2000.

Na mwaka 1998? Mshindi alikuwa Burns huyo huyo, akiendesha Mitsubishi iliyoitwa Carisma GT. Mfuasi wa Evo atakuambia Carisma ile ilikuwa Evo iliyobandikwa jina jingine kwa sababu za soko la Ulaya, na kwa hiyo hesabu ni 3 kwa 2. Mfuasi wa Subaru atajibu kwamba jina ni jina, na hesabu ni 2 kwa 2. Hakuna anayesema uongo.

Ukipanda hadi ubingwa wa dunia, mambo ni yale yale. Subaru ilitwaa ubingwa wa makampuni mara 3 mfululizo, 1995, 1996 na 1997, wakati Mitsubishi iliupata mara 1 tu, mwaka 1998. Lakini ubingwa wa madereva ulikwenda kwa Mäkinen na Mitsubishi mara 4 mfululizo, kuanzia 1996 hadi 1999. Subaru walipata madereva mabingwa 3, nao ni McRae mwaka 1995, Burns mwaka 2001 na Petter Solberg wa Norway mwaka 2003. Anayependa Subaru huhesabu vikombe vya kiwanda. Anayependa Evo huhesabu vikombe vya dereva.

Wafuasi wa Evo wana hoja nyingine yenye uzito. Mwaka 1997 Subaru ilihamia kwenye kanuni mpya zilizoruhusu gari la mashindano libadilishwe sana kuliko lile la dukani. Mitsubishi iliendelea na Kundi A hadi mwaka 2001. Kwa maneno mengine, wanasema, Evo ilishinda ikiwa bado ni ndugu wa karibu wa gari ambalo mteja angeweza kulinunua.

Upande wa pili una jibu lake. Burns alishinda Safari kwa Mitsubishi, kisha akashinda kwa Subaru. Mäkinen mwenyewe alihamia Subaru mwaka 2002. Ikiwa mabingwa walibadilisha gari kama mtu anavyobadilisha shati, basi huenda tunachosifu ni mikono na wala si mashine.

Dereva uliyemwona kwa macho

Hapa kwetu liko jambo jingine ambalo halipatikani kwenye vitabu vya kumbukumbu. Ushabiki hurithiwa kutoka kwa dereva ambaye mtu alimwona akipita kwenye vumbi.

Kenya, Patrick Njiru alimaliza wa 4 katika Safari ya mwaka 1994 akiwa na Subaru Impreza. Wakenya wengi waliipenda Subaru kuanzia hapo. Uganda, Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999 na kuwaonyesha vijana kwamba mchezo huu si wa wageni pekee. Baadaye wakaja Ponsiano Lwakataka na Subaru yake, na akina Ronald Ssebuguzi na Jas Mangat na Evo X zao, na nchi ikagawanyika kama inavyogawanyika kwenye kandanda.

Mbale, ambayo imewahi kuandaa duru za ubingwa wa taifa, haikuachwa nyuma. Kijana aliyepanda juu ya mti kutazama Subaru ikipita hawezi leo kuambiwa chochote na mtu aliyekuwa juu ya mti mwingine akisubiri Evo.

Gereji ndiyo mahakama

Lakini mtu anayetaka kununua hahitaji vikombe. Anahitaji kujua gari litaishi vipi mikononi mwa fundi wa Mbale, na hapo tofauti zinaanza kuonekana wazi.

Injini ya Subaru imelala, silinda mbili upande huu na mbili upande ule. Uzito wake uko chini, na hilo hulituliza gari kwenye kona. Mlio ule wa kukoroma unaowafurahisha vijana hutokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu. Lakini injini hiyo ina vichwa viwili, maana yake gasketi mbili za kichwa, na plagi zake zimejificha pembeni. Kazi ambayo kwa injini nyingine ni ya asubuhi moja, hapa inaweza kula siku nzima.

Injini ya Evo, kuanzia ya kwanza hadi Evo IX, imesimama wima, silinda zote nne katika mstari mmoja, na bloku yake ni ya chuma kigumu. Fundi huifikia kwa urahisi, na mafundi wengi wanaiamini kwa kuvumilia kusukumwa. Taabu ya Evo iko nyuma. Tangu Evo IV ya mwaka 1996, matoleo mengi yana mtambo wa kugawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma ili gari liingie kona kwa wepesi. Mtambo huo ndio sifa kubwa ya Evo, na ukiharibika ndio msiba wake. Katika Evo X, pampu yake inajulikana kwa kushikwa na kutu.

Kisha kuna suala la vipuri. Subaru inashirikiana baadhi ya vipuri na Forester, Legacy na Impreza za kawaida, magari yaliyojaa kuanzia Nairobi hadi Kampala. Evo inafanana na Lancer ya kawaida kwa sura, lakini sehemu zake muhimu ni za kwake peke yake. Mfanyabiashara wa mpakani anaelewa maana ya hilo mara moja: kipuri kinachoingia magari mengi hakikai dukani, na kisichokaa dukani ni rahisi kupatikana.

Ongeza petroli. Magari haya, kwa soko la Japani, yalipangiwa petroli ya daraja la juu inayofika oktani 100. Anayeyanywesha mafuta ya kawaida ya vituo vyetu huku akiongeza nguvu ya turbo, anaitafuta oveholi kwa tochi.

Lango linafungwa

Kuna jambo ambalo mabishano ya gereji huwa yanalisahau. Mitsubishi iliacha kutengeneza Evo mwaka 2016. Machi 2022 Subaru ikatangaza kwamba haitatengeneza STI ya petroli kutokana na WRX mpya. Wakati huohuo sheria zetu zinahesabu miaka.

Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Evo IX za mwisho zilitengenezwa mwaka 2007, kwa hiyo zilifikisha umri huo mwaka 2022. Hata Evo ya mwisho kabisa, ya 2016, itafikisha miaka 15 mwaka 2031. Kenya ni kali zaidi, kwani kikomo chake ni miaka 8, na Evo ya 2016 ilifikisha umri huo mwaka 2024.

Maana yake ni kwamba Evo IX zilizomo nchini ndizo hizo hizo. Zinapogongwa zinapungua, na zinapopungua bei ya zilizobaki haifuati tena ubora bali uhaba. Biashara inahama kutoka kwenye magari na kwenda kwenye vipuri. Hiyo ni neema kwa mchuuzi wa Malaba, lakini ni hatari pia, kwa sababu uhaba huzaa wizi. Giaboksi isiyo na risiti leo, kesho yaweza kuwa kielelezo mahakamani.

Kwa anayerejea nyumbani

Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa nafuu ya ushuru mkazi anayerejea, kwa gari moja ambalo amelimiliki na kulitumia mwenyewe ng'ambo kwa muda usiopungua miezi 12. Nafuu hiyo haimaanishi kwamba masharti ya umri wa gari yameondoka. Anayetoka Uingereza ana bahati kwamba usukani wa kule uko kulia kama wetu. Anayetoka Oman au Dubai na gari la kule atakuja na usukani wa kushoto, na hata akilipenda, mnunuzi wa kesho hatalipenda.

Anayenunua hapa hapa naye asidanganywe na nembo. Nembo ya STI inauzwa barabarani kama karanga. Kwa Impreza za Japani za kuanzia mwaka 2000 hadi 2007, namba ya chesisi ikianza na GDB ni STI ya kweli. Ikianza na GDA ni WRX, gari zuri lakini lenye giaboksi dhaifu zaidi. Kwa Mitsubishi, Evo VII hadi IX huanza na CT9A na Evo X huanza na CZ4A. Lancer ya kawaida iliyovalishwa bampa ya Evo haina herufi hizo, hata muuzaji aape kwa mlima Wanale.

Hukumu

Basi lipi bora? Kwa mtu anayetaka kushindana dhidi ya saa, kwenye njia iliyofungwa yenye kona nyingi na tope, Evo ina hoja nzuri, na bajeti yake iwe nzuri vilevile. Kwa mtu anayeishi Mbale, anayepanda Kapchorwa Jumamosi na kuhitajika dukani Jumatatu, Subaru ina wenzake wengi barabarani wa kuisaidia.

Mbio zenyewe zimekwisha kusonga mbele. Manvir Baryan wa Kenya alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2017, 2018 na 2019 akiwa na Skoda Fabia. Tangu Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota ilishinda kila mwaka hadi 2025. Ugomvi wa Subaru na Evo umebaki kwa wenyeji, na utaendelea, kwa sababu mmoja anapima kwa vikombe, mwingine kwa kona, na wa tatu kwa bei ya gasketi. Mwenye akiba mkononi aanze na kipimo cha huyo wa tatu. Amtafute kwanza fundi atakayelishika gari, amwulize vipuri vinatoka wapi na vinafika baada ya siku ngapi, ndipo achague upande wa kushangilia.