Lifti Ndogo ya Vyombo

Sekta ya Nkungu, wilayani Rusizi, nchini Rwanda, ni ya vilima. Nyumba ya ghorofa ikijengwa mtelemkoni, jiko huweza kuwa chini na sebule juu, na mpishi hupanda ngazi akiwa na sufuria ya moto mikononi. Hapo ndipo lifti ndogo ya mkono inapofaa: sanduku, kamba, kapi na uzito wa kusawazisha.

Hesabu yake si ngumu. Sanduku likiwa na kilo 10 na mzigo kilo 20, upande wa pili ufungwe kilo 20, yaani uzito wa sanduku na nusu ya mzigo. Mkono utavuta kama kilo 10 tu.

Lakini la kwanza kupangwa ni siku kamba itakapokatika. Mwaka 1854, mjini New York, Elisha Otis aliamuru ikatwe kamba ya lifti aliyosimama juu yake. Breki aliyoibuni ikaizuia isianguke. Sanduku la kamba na kapi peke yake halina kinga hiyo. Basi kila mlango wake uwe na komeo lisilofikiwa na watoto, na mtoto asipandishwe humo kamwe, hata kwa mchezo. Sahani ikivunjika hununuliwa nyingine.